Giza likiingia nakosa ibada za Jumapili. Mungu ananihesabu mtoro?

Mama_Dagaa (Igombe)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi naanika dagaa hapa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mbalamwezi ikiwaka boti hazitoki, maana dagaa hawasogei kwenye taa, basi kanisani sikosi, naimba hadi sauti inakauka. Shida ni giza, zile siku zisizo na mbalamwezi. Boti zinakesha ziwani, zinarudi alfajiri, wala hazijui kama ni Jumapili. Nikishanunua ndoo zangu lazima nianike jua linapochomoza, nigeuze, nifukuze kunguru na bata wa jirani (hao bata nimewasamehe hata zaidi ya saba mara sabini). Dagaa zikinyeshewa zinakuwa chakula cha kuku, na bei yake mnaijua. Mtaji wenyewe ni wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Juzi mzee mmoja wa kanisa akasema mbele ya akina mama wenzangu kwamba dagaa ndiyo mungu wangu. Sikumjibu. Lakini pale mchangani naimba tenzi, naomba, nashukuru. Hiyo siyo ibada? Au najidanganya?

Mtumishi_Nyakato
Amina dada. Nitasema usilolipenda. Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika. Leo dagaa, kesho mnada, keshokutwa usingizi. Kuomba peke yako ni vizuri, ila ukiumwa nani atajua, kama wamezoea kutokukuona?

Nahodha_Kayenze
Shikamooni mlionizidi. Mtumishi, mstari huo naukubali, ila sisi wa usiku tuna sura yetu, Yohana 21. Wanafunzi saba wamekesha ziwani, hawakupata kitu. Asubuhi Yesu yuko ufukweni. Hakuwauliza wanafanya nini majini, aliwauliza kama wana kitoweo. Wakatupa nyavu upande wa kulia, wakavuta samaki 153. Kuna mtu alikaa akawahesabu, mimi nasema huyo alikuwa tajiri wa boti!

Sasa ona. Wanashuka nchi kavu, moto wa makaa uko tayari, una samaki na mkate. Yaani Bwana alikuwa na samaki wake tayari, na bado akawaambia leteni na mliovua ninyi. Watu wametoka kukesha, wananuka shombo, wanapikiwa na Yesu! Na Petro alikuwa amemkana kando ya moto wa makaa vilevile. Yesu hakuanza kwa kumsuta. Walipokwisha kula ndipo akamuuliza kama anampenda. Huyo mzee wako angekulisha kwanza.

Katekista_Mstaafu
Mwanangu, kwetu Wakatoliki Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili, imo kwenye Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1248. Kwa nini akina mama wa mwaloni msimwombe mchungaji wenu ibada ya saa kumi jioni, dagaa zikishaanuliwa? Na yule mzee mwendee mwenyewe, mkae wawili, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Usimjibu kupitia kwa akina mama.

Mama_Dagaa (Igombe)
Asanteni sana. Nahodha, hapo pa kula kwanza nimepasoma tena na tena. Mtumishi, nilipougua malaria waliokuja kuniona ni waanika dagaa wenzangu tu, kwa hiyo sijui hilo linakusaidia wewe au linanisaidia mimi. Kwa mchungaji nitaenda mbalamwezi ikirudi, nikiwa na nafasi ya kukaa. Mzee naye nitamwendea, ingawa ndoo ya dagaa niliyotoa sikukuu ya mavuno hakuiita mungu, aliipokea kwa mikono miwili. Babu katekista, hiyo Jumamosi jioni mlokole kama mimi anaruhusiwa kuingia?

Katekista_Mstaafu
Karibu sana mwanangu. Komunyo hutapokea, ila kiti kipo, na kwaya yetu ina upungufu wa sauti ya pili.