Wakuu, ala yangu ya springi za godoro inanguruma yenyewe. Nifanyeje?

MzeeWaMakelele: Habari za muda huu wakuu. Nimetengeneza ala ya makelele: springi za godoro na spoki za baiskeli nimezikaza kwenye debe, ndani nimegandisha kile kisahani cha shaba kinacholia kwenye saa za mezani, kiwe maikrofoni. Ukikwaruza springi unasikia treni inafunga breki. Shida ni mngurumo mzito, hata nisipogusa kitu. Jumamosi napiga mbele ya watu.

Mama Kurwa: Majirani zako wana subira.

FundiRedio: Umeme unatoka wapi, na amplifaya ni gani?

MzeeWaMakelele: Ya kawaida tu mkuu. Nadhani kisahani ndicho kibovu.

Mtu wa Kigoma: Umenikumbusha Kinshasa. Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono N°1 alikuza sauti ya likembe, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa maikrofoni za kujiundia, sumaku kazitoa kwenye vipuri vya magari chakavu. Shemeji yangu alikuwa anawasikiliza usiku kucha mpaka dada akaficha redio. Waliachana, ingawa si kwa sababu hiyo.

FundiRedio: Mkuu, sijajibiwa.

MzeeWaMakelele: Sawa. Nimetumia amplifaya ya ndani ya TV ya chogo, iko wazi mezani. Springi nimeziunga na chasisi ili mngurumo upungue. Vidole vinatekenywa kidogo, ila nikigeuza plagi mtekenyo unaisha, nimeshatia alama kwa kalamu. Na navaa kandambili.

FundiRedio: ZIMA! Baadhi ya TV zile chasisi imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, volti 230. Soketi ya huko ukumbini ikifungwa kinyume, alama yako ya kalamu haina kazi. Hata ukichomoa usitie mkono, kapasita zinabaki na chaji. Tafuta chipu ya amplifaya, LM386, inakwenda kwa betri ya volti 9. Mbele yake weka FET (aina ya transista) na rezista ya megaomu 1, kisahani kitatoa hata besi.

MzeeWaMakelele: Nimekuelewa mkuu, lakini betri haina ule ukali. Na watu wameshaalikwa.

Mzee Busara: Kijana mzima, badala ya kutafuta mtaji unakwaruza godoro.

Kisiki: Hii CHAI. Mtu anashika springi zenye umeme halafu anakuja kutuandikia aya zimenyooka? Picha iko wapi?

Mama Kurwa: Hata mimi. Godoro la springi kalitoa wapi, hotelini?

FundiRedio: Sakafu kavu na kandambili vinaweza kumwokoa mara kadhaa. Chai au si chai, kuna atakayesoma akajaribu.

MzeeWaMakelele: Picha simu haipandishi. Betri ya pikipiki, volti 12, itaifaa hiyo chipu?

Kisiki: Simu haipandishi 😂😂

FundiRedio: Ikitoka kuchajiwa inavuka 12, na LM386 ya kawaida mwisho wake ni hapo. Nunua betri ya 9.

Mtu wa Kigoma: Hiyo TV kioo bado kizima? Unaiachia kwa ngapi?