Uwatu na maziwa ya mama: natumia dawa ya sukari, niendelee?

MamaChumbageni: Habari za humu wapendwa. Nina kichanga cha wiki tano, kila jioni analia, mama mkwe kasema maziwa hayatoshi. Ananilowekea uwatu usiku, asubuhi nakunywa na uji. Unateleza kooni, na uchungu wake si wa mchezo! Wifi anasema una homoni. Mimi natumia metfomini, sukari ilianza nikiwa na mimba haikuondoka. Naomba ushauri.

Kungwi_wa_Pwani: Hongera mwaya. Sie wote tumelelewa kwa uwatu na supu ya pweza. Kunywa.

Mfamasia_Zamu: Kungwi, taratibu, hujaona metfomini hapo? Dada, uwatu unashusha sukari. Ule ute unachelewesha sukari kuingia kwenye damu, na mbegu ina asidi amino inayochochea insulini. Ukijumlisha na dawa, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Simamisha uwatu, dawa endelea nayo kama ulivyoandikiwa, ongea na daktari wako. Habari ya homoni: uwatu una diosijenini, kemikali ya mimea. Miaka ya 1940 kule Mexico waliitoa kwenye viazi vikuu vya porini wakatengenezea projesteroni, homoni ya kike, ila maabara, kwa kemikali. Mwili wetu hauwezi kazi hiyo. Tafiti za kuongeza maziwa nazo zinapingana.

BabaZai: Na unga wa mbegu za upupu? Kuna jamaa anauza, anasema unaweka homoni sawa.

Mfamasia_Zamu: Kwa anayenyonyesha, hapana kabisa. Upupu una levodopa, mwilini inageuka dopamini, na dopamini ndiyo inayozuia prolaktini, homoni ya maziwa.

MkungaMstaafu: Mwanangu, kilio cha jioni si kipimo. Nepi zinalowa sita au zaidi kwa siku? Uzito kliniki unapanda? Basi maziwa yapo. Prolaktini inapanda mtoto anaponyonya, usiku zaidi, kwa hiyo usiruke zamu za usiku. Titi likikaa limejaa, mwili unapunguza kutengeneza. Halafu mtoto akinukia sukari ya kuungua, mwambie daktari ulikunywa uwatu. Upo ugonjwa wa kurithi wenye harufu hiyohiyo, wasije wakahangaika naye bure.

MamaChumbageni: Kumbe! Hiyo harufu ninayo hadi kwenye kanga. Nepi zinafika nane, na uzito umepanda. Sasa mama mkwe namwambiaje jamani?

Kungwi_wa_Pwani: Msingizie daktari. Uwatu uliobaki mpe aupake nywele.