Dipoziti ya maji imepandishwa kwa sababu ya bili zilizochelewa. Inapingwa vipi?

Mpangaji_Umoja: Wadau, mteja aliweka dipoziti ya 2,500 kwa kampuni ya maji. Amechelewesha bili tatu mfululizo, sasa anadaiwa aongeze 1,700 la sivyo akatiwe. Hiyo 1,700 inatoka wapi?

MhasibuWaPloti: Huenda wamechukua wastani wa bili za karibuni mara miezi miwili. Bili zikiwa 1,800, 2,100 na 2,400, wastani ni 2,100, mara mbili ni 4,200. Toa 2,500 waliyo nayo, hiyo ndiyo 1,700 yako.

Kwa hivyo usibishanie dipoziti, kagua bili. Msomaji mita akikuta geti limefungwa, bili huandikwa kwa makisio, na makisio yakiwa juu yanapandisha wastani wote. Nenda kwenye mita yenyewe, futa vumbi kwenye kioo. Tarakimu nyeusi ndizo yuniti; nyekundu ni lita, ziache. Bili ikisema 431 na mita inasoma 412, umetozwa yuniti 19 za hewa. Yuniti moja ni mitungi 50 ya lita 20, kwa hivyo hapo ni mitungi 950! Picha ionyeshe tarakimu pamoja na namba ya mita, maana bila namba hawawezi kujua ni mita ya nani.

Wanjiru_Bili: Na huko kuchelewa kwenyewe kukaguliwe pia. Ukikosea tarakimu moja ya akaunti kwenye M-Pesa, pesa zinatoka kwako lakini bili inabaki wazi, au unamlipia jirani. Peleka ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala na tarehe, uombe malipo yahamishwe na rekodi ya kuchelewa irekebishwe. Omba kwa maandishi, na kabla ya siku ya kukatiwa.

FundiStima: Kwa stima, mita ya tokeni inaondoa shida hii kwa kuwa unalipa kwanza. Ila deni la mita ya zamani halifutiki, linaweza kukatwa kidogo kidogo kila ukinunua tokeni.

Mpangaji_Umoja: Asanteni sana. Akihama, anarudishiwa?

MhasibuWaPloti: Ndiyo, baada ya kuondoa bili ya mwisho, na anarudishiwa mwenye jina kwenye akaunti. Kama akaunti ni ya landlord, mpangaji amdai landlord, akiwa na risiti. Mita isomwe siku ya kuhama, mtunza ploti (caretaker) akiwepo.