Tupeane uzoefu: mlianzaje kuisikiliza «Bright Size Life»?

Mleta mada, Morogoro

Ndugu wanajamvi, nimefungua uzi huu kwa ajili ya albamu moja tu, nami naomba tusiende mbali nayo. Ni «Bright Size Life» ya mpiga gitaa Pat Metheny, iliyorekodiwa Desemba 1975 mjini Ludwigsburg, katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi, na kutolewa mwaka 1976 na kampuni ya ECM ya Munich. Wapigaji ni watatu: Metheny, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 21, Jaco Pastorius kwenye besi na Bob Moses kwenye dramu. Nyimbo ni nane, na zote kwa pamoja hazifiki dakika 40.

Nianze na yangu. Nimekulia katika nyumba ambamo neno «jazz» lilikuwa na maana moja tu: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, yaani bendi za dansi. Rafiki yangu aliponipa sidii hii akaniambia kuwa ni jazi, nilikaa nikimsubiri mwimbaji, asije. Nikalisubiri gitaa la rithimu liingie chini ya solo, nalo lisiingie. Nilijiona kama mgeni aliyekaribishwa wali akaletewa mchuzi peke yake, na sidii ile ikakaa kabatini karibu mwaka mzima.

Siku niliyoirudia niliamua kuliacha gitaa na kuifuata besi peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo wa kwanza. Katika dansi tulilolizoea, besi hushika njia na kuirudia ili wachezaji wasipotee. Pastorius hafanyi hivyo. Gitaa likisema neno, yeye hulijibu, wakati mwingine kwa sauti nzito ya chini, wakati mwingine kwa zile sauti nyembamba kama za filimbi zinazotoka mpigaji anapougusa uzi bila kuubana. Nafasi hiyo anaipata kwa sababu hakuna kinanda wala gitaa la pili linalojaza katikati. Mchuzi ule, kumbe, ulikuwa umepikwa kuliwa hivyo hivyo. Nanyi je, mliingilia mlango gani?

Mpiga fidla, Unguja

Mleta mada, nakushukuru kwa kuanza na besi, maana nami niliingilia hapo hapo, ingawa kwa sababu nyingine. Besi ya Pastorius haina freti, yaani vile vyuma vinavyokatisha shingo ya gitaa na kumwonyesha mpigaji mahali pa kubana. Sisi wa taarabu hatushangai kuona chombo kisicho na freti, kwa kuwa fidla haina na udi hauna. Ukikosea kwa unene wa ukucha, sauti hutoka kando, na kila aliyepo ukumbini huisikia hata kama hajui kilichoharibika.

Kwa hiyo nilipomsikia mtu akipiga besi ya umeme kwa kasi ile, na kila sauti ikitua mahali pake, nilisimamisha wimbo nikaurudia, si kwa kufurahia bali kwa kumtafutia kosa, kama tunavyofanyiana wenyewe mazoezini. Sikulipata. Nilichokipata ni ile namna yake ya kuiendea sauti kwa kuteleza kidogo kutoka chini na kisha kuitetemesha kwa kidole, jambo ambalo mwimbaji wa taarabu hulifanya kwa koo. Tangu siku hiyo, ninapowafundisha vijana fidla, huwachezea wimbo wa pili, «Sirabhorn», ambao ni wa taratibu na unampa msikilizaji muda wa kukifuata kidole.

Sitaki kusema kwamba muziki ule una asili ya kwetu, kwa sababu hauna. Hata majina ya nyimbo ni ya kwao Marekani: Missouri, Omaha, na Unity Village ambayo ni jirani na Lee's Summit, mji alikokulia Metheny.

Fundi wa boti, Mombasa

Ndugu yangu wa Unguja ametaja freti, nami nina kisa changu ambacho mke wangu angependa nisikisimulie. Mimi hupiga besi kanisani, na kazi yangu ya kila siku ni kuziba na kupaka boti za faiba. Niliposoma kwamba Pastorius aling'oa freti za besi yake ya Fender ya mwaka 1962, akaziba mianya, kisha akaupaka ubao wa shingo epoksi ya kupakia mashua ili nyuzi za chuma zisiule, niliona kwamba Mungu ameniandikia barua. Kila kitu kilichotajwa kilikuwa karakana kwangu.

Freti zilitoka vizuri kwa koleo na pasi ya moto, na mianya niliiziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Kosa langu lilikuwa katika kipimo. Epoksi huja katika makopo mawili, na la pili, ambalo mafundi tunaliita hadina, ndilo linaloigandisha. Likipungua, kitu hakikauki. Mimi, ambaye huwafokea vijana wangu kwa kosa hilo hilo, nilipima kwa macho kwa sababu shingo ya gitaa niliiona ndogo mno kwa mizani. Kwa siku tisa besi ilinata kama andazi la shira, na Jumapili mbili nikakaa na waumini badala ya kukaa na wanamuziki. Nilikwangua yote, nikapima upya kwa mizani, na mara ya pili ubao ukatoka kama kioo.

Sauti ilikuja kweli, ile ya kuimba na kulia kidogo. Mikono ya Pastorius haikuja.

Mchangiaji, Dodoma

Nitapingana kidogo na wenzangu. Mtu akiniuliza habari za jazi iliyochanganywa na roki inayopigwa na watu watatu, simpi «Bright Size Life», ambayo kwangu ni tulivu na safi mno, humpa «Emergency!» ya kundi la mpiga dramu Tony Williams, ya mwaka 1969, yenye John McLaughlin kwenye gitaa na Larry Young kwenye kinanda cha Hammond. Hiyo imerekodiwa kwa sauti inayokwaruza kana kwamba spika zimepasuka. Nilipoifungulia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya kupanga, jirani aligonga mlango kwa upole akaniuliza kama ningependa akanitafutie fundi wa redio.

Mleta mada, Morogoro

Mkuu wa Dodoma, hoja yako naiheshimu, ila tuifungulie uzi wake. Napenda tu kuongeza jambo kuhusu Bob Moses, ambaye hakuna aliyemgusa. Yeye na Metheny walikuwa wamekwisha kupiga pamoja katika kundi la mpiga vibrafoni Gary Burton, na ukisikiliza matoazi yake utaona kwamba mara nyingi hapigi mapigo ya kutembea nayo. Huyanyunyiza, na wale wawili hupita katikati yake bila kugongana.

Mchangiaji, Tabora

Mimi si mpigaji, ni binti wa mpigaji. Baba yangu alipiga gitaa la rithimu katika bendi ya dansi kwa miaka mingi, na kwa sasa hasikilizi muziki wowote bila kuukosoa. Jioni moja nilimfungulia albamu hii bila kumweleza lolote. Nyimbo mbili za mwanzo alinyamaza, akitafuna karanga. Ulipofika wa tatu, «Unity Village», ambao hauna besi wala dramu, aliweka karanga chini.

«Huyu wa rithimu ni nani?» akauliza. «Anamsikiliza mwenzake vizuri sana, hamkanyagi hata mara moja.»

Nikamweleza kwamba hakuna mwenzake: Metheny alirekodi gitaa moja, kisha akapiga la pili juu yake, kwa hiyo wote wawili ni yeye mwenyewe. Mzee alifikiri kwa muda, akachukua tena karanga zake.

«Basi hao,» akasema, «hawatagombania mshahara.»