Mkondo wa maji kwa neon tetra na betta katika tangi la lita 60

SWALI
Ndugu wafugaji, habari za jioni. Niko Dar es Salaam, nina tangi la samaki la lita 60 lenye neon tetra 10 na betta dume mmoja, na pampu ya kichujio chake imeandikwa lita 600 kwa saa. Neon hujibana kwenye pembe iliyo mbali na bomba, wakipiga mikia bila kupumzika, na betta kila anapopanda juu kuvuta hewa husukumwa hadi upande wa pili huku mapezi yake yamekunjamana. Nimeshauriwa niwe nazima pampu usiku. Je, ushauri huo ni sahihi, na mkondo unaofaa ni wa kiasi gani?

JIBU LA 1
Ndugu, tafadhali usiizime. Bakteria wanaoondoa sumu ya amonia wanaishi ndani ya kichujio na wanategemea oksijeni inayoletwa na maji yanayopita. Maji yakisimama humo usiku kucha wanaanza kufa, na ukiwasha asubuhi uozo wote unawarudia samaki.

Wafugaji wengi huanza na kiasi cha kuzungusha maji yote ya tangi mara 4 au 5 kwa saa, yaani lita 240 hadi 300 kwako, ilhali pampu yako inafikia mara 10. Hata hivyo, namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haina kizuizi, na sponji ikishajaa uchafu mkondo hupungua sana. Kinachowatesa samaki wako zaidi ni kasi ya maji yote hayo kutokea kwenye tundu moja. Elekeza mdomo wa bomba kwenye kioo, au uunganishe bomba la plastiki ulilotoboa matundu mengi madogo na kulilaza kando ya kioo cha nyuma. Kisha tia chakula kidogo na uangalie: kikizunguka tangi zima kabla neon hawajakidaka, mkondo bado ni mkali.

JIBU LA 2
Nakubaliana na aliyetangulia, ila nakuomba usiupunguze mkondo mpaka uso wa maji utulie kabisa. Maji ya nyuzi joto 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30, jambo la kawaida katika joto la Dar es Salaam, hubeba 7.5 tu. Betta ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, lakini neon hutegemea matamvua peke yake, hivyo ukiwaona wanahemea juu alfajiri ujue hewa imepungua. Viwimbi vyepesi vinavyovunja ule utando wa mafuta vinatosha.

JIBU LA 3
Mimi ningebadilisha kichujio chenyewe. Ninafuga Nothobranchius guentheri, samaki wetu wa Unguja, ambao hutaga kwenye tope la madimbwi ya msimu; dimbwi likikauka wakubwa hufa na mayai husubiri mvua. Samaki wa maji yaliyotulia namna hiyo hawakuumbiwa kupambana na mkondo. Nawawekea kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, koki nikiibana mpaka mapovu yapande taratibu, na ni wazuri ajabu wakitulia wakatanua mapezi. Samaki wako nao asili yao ni maji ya polepole: neon kwenye vijito vya bonde la Amazon, betta kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga ya Thailand. Pampu uliyonayo ingewafaa zaidi zebra danio, wanaopenda kuogelea kwa kasi.

MUULIZAJI
Ahsanteni sana, ndugu zangu. Nimegeuza bomba likatazama kioo na neon wameanza kutawanyika. Nikihamia kichujio cha sponji, umeme ukikatika itakuwaje?

JIBU LA 3
Weka pampu ya hewa juu kuliko usawa wa maji, au ufunge vali ya kuzuia maji kwenye mpira, kwa sababu hewa ikikatika maji huweza kurudi kupitia mpira huo mpaka ndani ya pampu na sakafuni. Zipo pia pampu ndogo za betri, na kwa tangi la lita 60 moja inatosha.