Naomba ushauri: mimea inayokua haraka kupunguza mwani kwenye tangi la samaki

Wakuu, naombeni msaada. Nina tangi la kioo la lita 120 sebuleni. Samaki wangu wadogo aina ya gapi walianza sita, leo sijui ni arobaini au hamsini (hawa viumbe hawajui uzazi wa mpango). Kila Jumapili nabadilisha theluthi ya maji, lakini ikifika Alhamisi kioo kimeshaota mwani, ukipitisha kidole kinateleza kama bamia. Kikaratasi cha kupimia naitreti (ile mbolea inayotokana na kinyesi cha samaki) kinasoma 80.

Nikaambiwa niweke mimea inayokua haraka, ile mbolea ya kinyesi iliwe na mmea kabla mwani haujaifikia. Hapa Mwanza Ceratophyllum, ule usio na mizizi, wenye majani kama mkia wa paka, unapatikana ziwani bure. Nimeweka vishada vitatu. Wiki mbili vimerefuka kweli, ila vinapukutisha vijani na filta inaziba. Sasa vikiozea humo si vinarudisha uchafu uleule?

Mliofanikiwa, mnakata na kutoa kiasi gani kwa wiki? Na konokono waliokuja na mmea niwatoeje? Dawa zenye shaba naziogopa, nina uduvi humo.