Kundi la ukoo wa Kibokoni, Mombasa: gari la kulalia la Baba Latifa

*Ijumaa*

Baba Latifa: Asalaam aleikum jamaa wote. Leo nimekabidhi begi la posta hapa Uingereza. Miaka 29 ya kutembeza barua imekwisha, alhamdulillah. Mimi na Mama Latifa tumekubaliana: Oktoba tunatoka. Miezi sita barabarani, Ufaransa, Ureno, Hispania, tuvuke mpaka Moroko. Hoteli za miezi sita hatuziwezi, kwa hivyo tunanunua motahomu. Iko moja nimeiona, roho imeshaingia. Picha hizi.

[picha 4]

Shangazi Mwanaisha: Waaleikum salaam kaka. Hongera, umetumika. Lakini hiyo motahomu ndiyo nini?

Latifa: Shangazi, ni gari lenye nyumba ndani. Kitanda, jiko, friji, choo na pa kuogea. Mchana unaliendesha, usiku unalala humo humo.

Shangazi Mwanaisha: MashaAllah. Na hicho kitanda kikubwa hivyo kiko ndani ya gari?

Mama Latifa: Ndicho. Kiko kati, unapita kulia na kushoto, hakuna wa kumruka mwenzake. Hilo ndilo lililonipendeza mimi. Magoti ya Baba Latifa mwayajua, na usiku huamka mara tatu. Tulionyeshwa jingine kitanda kiko juu ya kichwa cha dereva, unapanda kwa ngazi. Nikasema hapana. Jingine kitanda kimesukumwa ukutani, wa ndani akitaka kutoka lazima ampande wa nje. Nikasema hapana pia.

Ami Bakari: Gari zuri kaka. Linabeba kilo ngapi?

Baba Latifa: Watu wanne, Bakari.

Ami Bakari: Watu sikuuliza. Uzito wake likiwa tupu ni ngapi, na mwisho wake ni ngapi?

Baba Latifa: Mwisho 3,500. Karatasi inasema tupu ni 3,180. Lina urefu wa mita 7.4, na nyuma lina stoo kubwa ya kutia baiskeli.

Ami Bakari: Kaka, mimi gari la kulalia sijapata kulipanda. Lakini trela nimelivuta Mombasa hadi Malaba miaka 31, na mizani zote nazijua: Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye. Nimeona watu wakishushishwa mzigo juani kwa sababu ya kilo walizozipuuza nyumbani. Tena wengine jumla yao ilikuwa sawa kabisa, ni ekseli ya nyuma tu iliyozidi, yaani uzito uliokalia tairi za nyuma. Hapo ushabaki na kilo 320. Muulize Faraj azihesabu.

Faraj: Shikamoo Bamkubwa, shikamoo Mamkubwa. Naandika nikiwa gereji, nipeni dakika.

Faraj: Haya. Hiyo 3,180 kwa kawaida imeshamhesabu dereva wa kilo 75, mafuta tangi karibu lijae, na maji kidogo tu. La kwenu limehesabiwa lita 20 wakati tangi lake ni lita 100. Bamkubwa una kilo ngapi?

Baba Latifa: 92.

Faraj: Basi toa 17, zinabaki 303. Mamkubwa?

Mama Latifa: Niandike 70.

Faraj: Zinabaki 233. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi likijaa toa 80: zinabaki 153. Turubai la kivuli la ubavuni, kilo 28: 125. Betri ya pili ya kuwashia taa na pampu, 25: 100. Baiskeli zenu mbili za umeme, 50: zinabaki 50. Mtungi wa pili wa gesi, 15.

Zimebaki kilo 35. Hapo hatujatia nguo, chakula, sufuria, viti, meza, blanketi wala dawa. Za watu wawili, za miezi sita.

Mama Latifa: Kilo 35?

Latifa: Mama, sanduku lako la kwenda Mombasa wiki tatu lilikuwa kilo 32.

Mama Latifa: Nalikumbuka.

Ami Bakari: Na hiyo stoo ya nyuma, iko nyuma ya tairi za nyuma, sivyo? Mzigo ukining'inia huko huibana ekseli ya nyuma zaidi ya uzito wake wenyewe, na mbele gari linakuwa jepesi. Likiwa jepesi mbele, usukani haukutii. Baiskeli mbili hapo si kilo 50 tena.

Baba Latifa: Aliyeniuzia, yaani anayetaka kuniuzia, amesema mwisho wa uzito wake unaweza kupandishwa kwa karatasi hadi 3,850. Na leseni yangu inaruhusu, nilifaulu mtihani 1994.

Faraj: Yako inaruhusu, kweli. Waliofaulu gari dogo hapa Uingereza kabla ya 1 Januari 1997 walipewa haki ya kuendesha hadi kilo 7,500. Ila ukitimiza miaka 70, kuibakiza haki hiyo lazima daktari akupime. Wewe una 66. Mamkubwa je?

Mama Latifa: Mimi nilifaulu 2001.

Faraj: Basi Mamkubwa mwisho wake kwa gari la dizeli ni 3,500. Mkilipandisha hadi 3,850, hata likiwa tupu hana ruhusa ya kulishika usukani.

Latifa: Baba, nisikilize kwa hili. Mwaka juzi presha ilipokupanda mlikuwa njiani kutoka Cardiff, na Mama ndiye aliyeendesha mpaka hospitali. Sasa ifikirie hali ile, lakini mko milimani Hispania, na Mama hana ruhusa ya kuwasha gari. Mimi gari la namna hiyo sikubali mwondoke nalo. Nyingine zote ni zenu.

Baba Latifa: Nimekusikia mwanangu.

Baba Latifa: Lakini kesho tulikuwa tumeahidi kwenda kuliangalia. Faraj, twende sote.

*Jumamosi*

Faraj: Tumetoka. Nieleze nilivyoona, maana Bamkubwa hataki kueleza.

Tairi kwanza. Meno yake yako kama mapya, ukizitazama utasema hazijatembea. Ubavuni pana tarakimu nne baada ya herufi za DOT. Za hili ni 2317: wiki ya 23 ya mwaka 2017. Magari haya husimama sana, kwa hivyo tairi haziliki, zinazeeka. Nimepiga tochi nikaona nyufa nyembamba kama nywele karibu na rimu. Zote nne za kubadilisha.

Halafu unyevu. Nilitia kipimo kwenye kuta zote: 12, 14, 13, kote salama. Nikafungua kabati la nguo pembe ya nyuma kushoto, chini, nyuma ya viatu: 28. Zaidi ya 20 si habari njema. Nikabonyeza kwa kidole gumba, ukuta ukaingia ndani kama mkate uliolowa.

Mama Latifa: Mimi nilinusa kabla hajapima. Walikuwa wametia udi wa kopo humo ndani, lakini harufu ile ya stoo ya mvua naijua, nimekulia nayo.

Faraj: Ukuta wa magari haya ni ganda jembamba la nje, sponji kati, na fito za mbao. Maji yakipata upenyo kwenye maungio, fito zinaoza ndani kwa ndani na nje hakionekani kitu. Kulitengeneza ni kulibomoa.

Baba Latifa: Nimemrudishia muuzaji funguo zake. Imeniuma, sitawaficha. Nilishaanza kujiona nimeegesha Algarve, Ureno, nimekunjua viti viwili nje.

Shangazi Mwanaisha: Pole kaka. La heri lipo.

Ami Bakari: Kaka, ukuta huo ungekuozea Moroko. Umeokoka.

*Jumapili*

Mama Latifa: Nimelala nikiwaza maji. Wauzaji wote wanatuambia lita 100 zatosha watu wawili siku tatu au nne. Lakini wanawahesabu watu wengine. Sisi tuna udhu mara tano, wawili. Hata kwa kujibana lita moja na nusu kila mtu kila sala, ni lita 15 kwa siku, na hatujapika wala kuoga.

Latifa: Na choo Mama. Samahani nyote, lakini lazima tuliseme. Choo chao ni kaseti, kama ndoo yenye mfuniko unayoichomoa kwa nje ukaenda kuimwaga mahali maalumu. Inaingia lita 17 au 18. Sisi tunaojitwahirisha kwa maji itajaa kabla ya siku mbili.

Mama Latifa: Hilo ndilo nililotaka kulisema nikaona haya.

Faraj: Nunueni kaseti ya pili. Na msipange kukaa porini siku nne. Ufaransa kuna vituo vingi viitwavyo aires, vya halmashauri, unajaza maji na kumwaga machafu kwa pesa ndogo au bure. Ureno na Hispania viko pia. Kila siku mbili pitieni kimoja. Ukijua maji utayapata kesho, huna haja ya kubeba lita 100 leo: bebeni 50, mmeokoa kilo 50.

Ami Bakari: Hiyo ni akili. Dereva mzuri habebi maji kuyapeleka mtoni.

Faraj: Sasa Bamkubwa, kuna aina uliyoipita bila kuitazama. Vani. Bodi ni ya chuma ya kiwandani, kama gari lako la posta ila ndefu na ya juu, ndani ndiyo imegeuzwa nyumba. Zipo za mita 5.99 na za mita 6.36. Hiyo ya 6.36 ina vitanda viwili vya mmoja mmoja nyuma, kimoja kila upande, mnapita kati. Hakuna wa kumruka mwenzake. Na nyingi zake tupu ni kama 2,950.

Baba Latifa: Ni nyembamba. Mama Latifa ataona dhiki.

Mama Latifa: Mama Latifa aulizwe mwenyewe.

Latifa: Baba, na iwe Euro 6, yaani injini ya moshi mchache, ndio mkija kwangu London msilipe pauni 12.50 za moshi kila siku.

Baba Latifa: Sawa. Lakini sinunui tena kwa picha. Faraj, zinakodishwa?

Faraj: Zinakodishwa. Chukueni wiki nzima, na iwe Februari, kwenye baridi na mvua. Kiangazi kila gari ni zuri. Na pakieni kila kitu cha miezi sita, hata kama mnakwenda Wales tu. Siku ya mwisho mpitishe kwenye mizani ya umma.

Shangazi Mwanaisha: Na huko Ulaya wanawaachia mkae miezi sita yote?

Latifa: Hapana Shangazi, umeuliza la maana. Kwa paspoti ya Uingereza, Ufaransa, Hispania na Ureno zinahesabiwa pamoja: siku 90 katika kila siku 180. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Moroko haimo, na wao wanatoa siku 90 zao. Kwa hivyo nimewapangia Baba na Mama hivi: siku 80 Ulaya, wavuke feri kutoka Algeciras, wakae Moroko mpaka Machi, na zile 10 wazihifadhi za kurudi nyumbani.

Mama Latifa: Ramadhani itatukuta Moroko. Nimeomba hilo tangu miaka.

Latifa: Moroko gari linaandikwa mpakani kwa jina la aliyeliingiza, na lazima atoke nalo. Bima ya Uingereza nayo muulize kwa maandishi kama inafika huko. Nyingi haziendi, mtanunua bandarini.

Faraj: Na mitungi ya gesi ya hapa hamtabadilishiwa Ufaransa. Tafuteni gari lenye mitungi ya kujaza kwenye kituo cha mafuta.

*Februari, Jumatano*

Mama Latifa: Asalaam aleikum. Tuko Wales, usiku wa nne katika vani. Mvua haijakatika tangu Jumapili. Inapiga bati juu kama mvua ya Kibokoni, nimelala usingizi ambao sijaulala miaka. Hita inawaka. Tumesali kwa zamu, maana nafasi ya katikati inatosha msala mmoja. Nimeipima, inatosha.

Baba Latifa: Dhiki ipo. Mmoja akipika, mwingine akae. Tumekwisha kuzoea, anayeinuka anasema "napita". Goti halijanisumbua, kitanda kiko usawa wa kiti. Usiku naweka mguu chini nimefika.

Shangazi Mwanaisha: Alhamdulillah. Mnakula nini?

Mama Latifa: Jana wali wa nazi na samaki. Moto ni wa mafiga mawili tu, lakini umeiva.

*Jumamosi*

Baba Latifa: Tumetoka mizani sasa hivi. Tumepakia kila kitu: baiskeli, viti, nguo za baridi na za joto, unga, mchele, kaseti mbili, maji nusu tangi. Sisi wawili ndani.

[picha: risiti ya mizani]

Jumla 3,390.

Faraj: Kilo 110 za akiba! Bamkubwa!

Ami Bakari: Ekseli ya nyuma?

Baba Latifa: 1,780. Kibati cha gari kinasema mwisho 2,000.

Ami Bakari: Ya mbele?

Baba Latifa: 1,610. Mwisho 1,850.

Ami Bakari: Haya kaka. Tafuteni kama hilo mnunue.

Latifa: Nani aliyeendesha mpaka mizani?

Baba Latifa: Mama yako.

Shangazi Mwanaisha: Wifi, na mbuzi ya nazi imo kwenye hiyo hesabu?

Mama Latifa: Imo. Iko chini ya kitanda changu, nimeifunga kwa leso isigongegonge.